Kuchorachora na Tabia ya Mtu: Historia ya Dhana Moja

Mwezi wa Januari mwaka 2005 wakuu wa serikali na matajiri wa dunia walikuwa wamekutana mjini Davos, katika milima ya Uswisi, kama ilivyo desturi yao kila mwaka. Katika kikao kimoja na waandishi wa habari alikuwako Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza wa siku zile, pamoja na Bill Gates wa kampuni ya Microsoft na mwimbaji Bono. Watu walipokwisha kuondoka, karatasi moja iliokotwa mezani. Ilikuwa na maneno machache ya kumbukumbu, na kandokando ya maneno hayo vijisanduku, maduara na pembetatu, vyote vimechorwa bila mpango unaofahamika. Karatasi ile ikayafikia magazeti ya London, nayo yakachukulia kwamba ni ya Blair. Basi wasomaji wa mwandiko wakaitwa waifasiri, na hukumu yao haikuchelewa. Walisema kwamba mwenye kuchora vile ni mtu aliyelemewa na mambo, asiyeweza kukaza fikira zake mahali pamoja, wala hana kipawa cha uongozi. Uchaguzi mkuu wa Uingereza ulikuwa umekaribia, kwani ulifanywa mwezi wa Mei mwaka ule ule, na maneno kama hayo si mzaha kwa mtu anayetaka kura. Baada ya siku chache ofisi ya Waziri Mkuu ikaeleza kwamba michoro ile haikuwa yake hata kidogo. Ilikuwa ya Bill Gates, na kampuni yake ikakubali kwamba ndivyo.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kwa kicheko, na kwa kweli kinachekesha. Lakini kina jambo ndani yake ambalo kicheko hulipita. Kumdhania mtu mwingine kuwa ndiye mwenye karatasi ni kosa ambalo lingeweza kumpata yeyote. Jambo la kushangaza ni kuwa karatasi yenyewe haikupinga. Kama michoro ya namna ile ingekuwa kweli inachukua sura ya nafsi ya mchoraji, ingalikuwa na kitu cha kukataa jina la mtu asiye wake, kama vile kiatu kinavyoukataa mguu usio kipimo chake. Haikukataa. Ilipokea jina la Blair, na wafasiri wakaona Waziri Mkuu mwenye dhiki. Na yamkini kama ingalipewa jina la Gates tangu mwanzo, pembetatu zile zile zingalisomwa kuwa ni alama za akili pevu isiyotulia kwa wingi wa mawazo. Yapasa kuuliza, basi, dhana hii imetoka wapi, na wale wanaoisoma michoro ya watu husoma nini hasa.

Kiswahili kina njia yake ya kulitaja tendo lenyewe, nayo inafaa kuangaliwa kabla ya kwenda mbali. Hakuna shina la peke yake kwa jambo hili. Lugha imechukua kitenzi *chora*, ambacho maana yake ni kutia nakshi kwenye ubao au chokaa kwa chombo chenye ncha, na vilevile kupiga picha kwa kalamu, ikakikariri: *kuchorachora*. Kukariri shina la kitenzi kuna kazi zaidi ya moja katika Kiswahili. Pengine kwaonyesha tendo lililorudiwa mara nyingi, kama *kupigapiga*. Lakini mara nyingi kwaonyesha tendo lililolegezwa, lisilo na mwisho unaokusudiwa. Anayetembea ana mahali anapokwenda, anayetembeatembea hana. Anayeshika kitu anakihitaji. Mtoto anayeshikashika vitu dukani huambiwa na mama yake aache. Anayesema ana neno, na anayesemasema ni afadhali anyamaze. Kwa hiyo mwenye kutamka *kuchorachora* amekwisha kutoa rai yake kabla hajaulizwa: amesema kwamba mkono ulikuwa kazini na nia ilikuwa mahali pengine. Wasomaji wa michoro hawaikatai hali hiyo. Wao huigeuza kuwa hoja yao. Husema kwamba kwa kuwa nia haikuwapo, basi kilichotokea karatasini kimetoka ndani zaidi, mahali ambapo mtu hawezi kudanganya.

Dhana hii ina nguvu kubwa, na sehemu ya nguvu hiyo imo katika maneno yenyewe. Neno *tabia* limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupa *matbaa*, yaani mahali pa kupigia chapa. Maana ya asili ya mzizi huo ni kugandamiza, kutia muhuri. Tabia ya mtu, kwa asili ya neno, ni alama aliyopigwa. Lugha za Ulaya zimefika mahali hapo hapo kwa njia nyingine kabisa: neno ambalo Waingereza, Wafaransa na Wajerumani hulitumia kwa tabia ya mtu ni la Kiyunani, nalo hapo mwanzo lilikuwa jina la chombo cha kuchorea au cha kupigia alama kwenye sarafu, kisha likawa jina la alama yenyewe. Kwa hiyo katika Kiarabu na katika Kiyunani pia, watu walipotaka kutaja kile kinachomtambulisha mtu, walikopa neno la fundi wa kuchonga. Si ajabu basi kwamba wazo la kuisoma tabia katika mistari liliwaingia watu kwa urahisi. Lugha ilikuwa imekwisha kuwaandalia njia.

Mwandiko ndio uliotangulia. Camillo Baldi, Mwitalia, alichapisha kitabu juu ya namna ya kumtambua mtu kwa barua zake mwaka 1622. Katika karne ya 19 kasisi wa Kifaransa, Jean-Hippolyte Michon, aliyafanya mambo hayo kuwa fani yenye jina, na mwaka 1875 akatoa kitabu cha kanuni zake, ambamo kila alama ya kalamu ilipewa sifa yake ya moyo. Hadi hapo lakini hakuna aliyejishughulisha sana na vikorokoro vya pembeni mwa karatasi. Hivyo vilingoja karne ya 20, na vilipata umaarufu wao kwa njia ambayo hakuna mwanachuoni angaliitabiri: kwa sinema.

Sinema yenyewe ni *Mr. Deeds Goes to Town*, iliyoongozwa na Frank Capra na kuonyeshwa mwaka 1936. Habari yake ni ya kijana wa mji mdogo, Longfellow Deeds, aliyerithi mali nyingi mno na akataka kuwagawia wakulima waliofukarika. Watu wenye tamaa ya mali hiyo wakamshitaki kwamba hana akili timamu. Mahakamani akaletwa daktari wa akili kutoka Vienna na michoro yake ya kitaalamu, akathibitisha kwamba Deeds ni mgonjwa. Miongoni mwa ushahidi ulikuwapo kwamba alikuwa akipiga tuba usiku wa manane. Deeds alipokubali kujitetea, alieleza kwamba tuba humsaidia kufikiri, na kwamba kila mtu anapofikiri hufanya kitu cha kipuuzi. Akamwonyesha hakimu kwamba yeye mwenyewe hujaza wino katika herufi zenye matundu. Kisha akalitaja neno la Kiingereza, *doodler*, akasema kwamba kwao ni jina la mtu anayejichorea mambo ya ovyo kwenye karatasi huku akiwaza. Akaichukua karatasi ya yule daktari wa Vienna na kuionyesha mahakama. Naye alikuwa amechorachora.

Neno lile halikuundwa na Capra wala na mwandishi wake. *Doodle* lilikuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 17, nalo lilikuwa na maana ya mtu mjinga. Lakini sinema ndiyo iliyolieneza kwa maana hii mpya, na hapa historia imefanya kejeli ambayo haikuangaliwa vya kutosha. Neno lilipata umaarufu wake katika hotuba ya kumtetea mtu asihukumiwe kwa vitendo vyake vidogo visivyo na maana. Hoja ya Deeds ilikuwa kwamba kuchorachora hakumtengi mwenye akili na mwendawazimu, hakimu na mshitakiwa, daktari na mgonjwa, wote hufanya. Hata mwaka haujaisha sawasawa, neno lile lile likawa chombo cha kuwapambanua watu. Mwaka 1937 kilitoka Marekani kitabu cha Russell Arundel, ambacho hata jina lake lilitokana na maneno ya sinema hiyo, kikikusanya michoro ya ovyo ya watu mashuhuri na kuitolea tafsiri. Mwaka huo huo gazeti la *Evening Standard* la London lilifanya mashindano, likiwaalika wasomaji wake walete michoro yao.

Barua zilizofika zilipita 9,000. Zilipokwisha kutumika gazetini zikaingia mikononi mwa madaktari watatu wa akili, Maclay, Guttmann na Mayer-Gross, nao wakatoa matokeo ya uchunguzi wao mwaka 1938 katika jarida la chama cha kifalme cha madaktari cha London. Kazi yao yastahili heshima kuliko mengi yaliyoifuata. Walikuwa wamezoea kuitazama michoro ya wagonjwa wa hospitali, na swali lao lilikuwa swali la lazima: kabla ya kusema kwamba mchoro fulani ni dalili ya ugonjwa, je, watu wazima wa afya huchora nini wanapochorachora? Walichokiona ni kwamba mambo mengi yaliyodhaniwa kuwa ni ya wagonjwa, kama vile umbo moja kurudiwa tena na tena au vitu visivyohusiana kuchanganywa pamoja, yamejaa katika karatasi za watu wa kawaida waliokuwa wakisikiliza simu au wakingoja mkutano uishe. Kwa maneno mengine, madaktari hawa waliifanyia kazi hoja ya Deeds na kuiona kuwa ina mashiko. Watu hawakupenda kusikia hayo. Walipenda kuambiwa maana ya nyota na maana ya ngazi.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, haja ya kupima nafsi za watu iliongezeka sana katika Marekani, kwa sababu ya askari wengi waliorudi na majeraha ya moyo. Mwaka 1949 Karen Machover, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya New York, alitoa kitabu juu ya kuifahamu nafsi kwa njia ya picha ya mtu. Mgonjwa alipewa karatasi na kuambiwa achore mtu, basi. Na kila kiungo alichokichora kilikuwa na habari. Macho yaliyotiwa mkazo yalimaanisha shaka na kuwadhania watu ubaya. Kichwa kikubwa kilihusu akili au wasiwasi juu ya akili. Mabega mapana yalihusu nguvu za kiume. Njia hii ilienea haraka, na madaktari wengi waliapa kwamba imethibitika kwa mazoea yao wenyewe: wamewaona wagonjwa wenye shaka, na wameyaona macho waliyoyachora.

Ushahidi wa namna hii, wa mtu mwaminifu anayesema ameona kwa macho yake, ndio mgumu kuliko wote kuupinga. Loren Chapman na Jean Chapman waliupinga mwaka 1967 kwa jaribio ambalo kila mwanafunzi wa lugha angefaa kulijua. Walichukua picha za watu zilizochorwa na wagonjwa, na chini ya kila picha wakaandika dalili za ugonjwa, lakini dalili hizo walizipanga kwa makusudi ili zisiwe na uhusiano wowote na picha. Kisha wakawaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu ambao hawajapata kusikia habari za kipimo hiki, wakawauliza wameona uhusiano gani. Wanafunzi wakajibu kwamba wenye shaka ndio waliochora macho ya ajabu, na wenye wasiwasi juu ya akili zao ndio waliochora vichwa vikubwa. Yaani waliyaona katika karatasi yale yale ambayo madaktari waliyaona hospitalini, ijapokuwa katika karatasi hayakuwamo. Hata pale karatasi zilipopangwa ili ziseme kinyume, imani ile ilipungua tu, haikutoweka.

Lakini sehemu ya jaribio inayohusu lugha ni nyingine. Chapman na mwenzake waliwaendea wanafunzi wengine wasioonyeshwa picha yoyote, wakawauliza tu jinsi neno la kiungo fulani linavyowakumbusha neno la hali fulani: *jicho* lakumbusha *shaka* kwa kiasi gani, *kichwa* chakumbusha *akili* kwa kiasi gani. Majibu yakalingana na yale ya kwanza. Uhusiano ulikuwa baina ya neno na neno, nao ulikuwamo katika Kiingereza kabla ya mgonjwa yeyote kushika kalamu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na msomaji wa Kiswahili anaweza kulihakikisha bila ya maabara. Achukue picha ya mtu mwenye jicho moja kubwa kuliko jingine. Mwenye kuzoea Kiingereza cha madaktari wale ataona shaka. Mswahili ana *kijicho*, ana *jicho la husuda*, naye ataona wivu. Achukue picha ya mtu aliyechorwa mkono mmoja mrefu kupita kiasi. Kiswahili kinasema kwamba mwizi *ana mkono mrefu*, basi mfasiri ataona udokozi. Mkono ukiwa umekunjwa kiunoni, atakumbuka *mkono wa birika* na kuona ubahili. Wala mambo hayaishii katika viungo vya mwili. Wasomaji wa michoro wa kila nchi husema kwamba maumbo yenye ncha ni dalili ya ghadhabu. Katika Kiswahili kisu hukata kwa kuwa ni *kikali*, na baba aogopwaye na wanawe ni *mkali*. Husema kwamba mstari ulionyooka ni wa mtu mwaminifu. Kitenzi *kunyooka* ndicho kilichozaa *unyofu*. Husema kwamba mstari unaozungukazunguka ni wa mtu mwenye hila, nasi twajua kwamba mwenye hila huyazungusha maneno. Hakuna haja ya kuipima nafsi ya mtu ili kuyapata haya, kamusi yatosha. Anayedhani kwamba anausoma moyo wa mchoraji kwa hakika anasoma nahau za lugha yake mwenyewe, na kwa kuwa nahau ni mali ya wote, wote wanaomsikiliza huitikia kwamba kweli.

Huitikia pia mwenyewe anayesomwa, na hilo lina historia yake. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwalimu wa elimu ya nafsi huko California, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo, na baada ya siku kadhaa akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake, na kumwomba ayatolee alama kuanzia 0 hadi 5 kwa usahihi wake. Wastani wa alama ulikuwa zaidi ya 4. Maelezo yote yalikuwa ni mamoja, neno kwa neno, na Forer aliyakusanya zaidi katika kitabu cha unajimu kilichokuwa kikiuzwa njiani. Kumwambia mtu kwamba anatamani kupendwa, na kwamba ana uwezo ambao bado hajautumia, ni sawa na kumwambia kwamba ana kivuli.

Mambo haya yangekuwa ya kujifurahisha tu kama yangebaki katika kurasa za mwisho za magazeti. Hayakubaki. Katika Ufaransa kwa miaka mingi waajiri walidai barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono ili ipelekwe kwa msomaji wa mwandiko, na watu walikosa kazi wasijue kwamba wameikosa kwa sababu ya mkia wa herufi. Mwaka 1989 Neter na Ben-Shakhar walikusanya pamoja tafiti 17 zilizolinganisha hukumu za wasomaji hao na jinsi watu walivyofanya kazi baadaye. Waliona kwamba watu wasiojua chochote cha fani hiyo hawakuwa wabaya kuliko mabingwa wake. Na pale mwandishi alipokuwa akisimulia maisha yake, ilionekana kwamba kilichomsaidia msomaji ni habari iliyosimuliwa, si umbo la herufi. Mfano wa Davos ni wa watu wawili wakubwa ambao wangeweza kujitetea, na ambao magazeti yaliwasikiliza. Mwombaji wa kazi hana ofisi ya kumtolea taarifa.

Je, yafaa kusema basi kwamba michoro ya ovyo haionyeshi kitu? La, hilo nalo lingekuwa kosa, na historia ina mifano ya kulikanusha. Ulioelezwa zaidi ni wa mshairi wa Kirusi Alexander Pushkin, ambaye babu yake mzaa babu kwa upande wa mama alikuwa Mwafrika. Daftari zake zimejaa nyuso za watu zilizotazama upande, miguu ya wanawake, farasi na miti, vyote pembeni mwa mashairi. Mwezi wa Julai mwaka 1826 serikali ya mfalme iliwanyonga watu watano waliokuwa viongozi wa maasi ya Desemba 1825, na baadhi yao Pushkin aliwajua. Katika ukurasa mmoja wa daftari lake upo mti wa kunyongea, na miili mitano inaning'inia. Na chini katika ukurasa ule ule amechora tena. Hapana asiyeelewa kilichomsumbua. Lakini angalia kinachotuwezesha kuelewa: twajua tarehe, twajua idadi ya walionyongwa, twajua urafiki wao. Mtu asiyejua habari za Urusi akipewa ukurasa huo ataona mchoraji mwenye kupenda mambo ya kutisha, na atakuwa amekosea. Mchoro wamwonyesha Pushkin katika majira fulani ya mwaka fulani, si katika tabia yake yote.

John Kennedy, Rais wa Marekani, alikuwa na mazoea ya kuchora mashua za tanga katika karatasi za mikutano, na nyingi zimehifadhiwa mjini Boston katika maktaba yenye jina lake. Mfasiri wa alama angesema kwamba mashua ni hamu ya kutoroka. Huenda. Lakini Kennedy alikua akiendesha mashua tangu utoto, na wakati wa vita alikuwa baharia. Mkono wake ulichora kile ambacho mkono wake ulikijua.

Na wachoraji wa vyombo hawakuwa Marekani peke yake. Katika magofu ya pwani ya Afrika Mashariki, Kilwa, Songo Mnara na Gedi, kuta zilizopakwa chokaa zina vyombo vya baharini vilivyochorwa kwa ncha ya chuma au ya kitu kingine kigumu. Peter na Margaret Garlake walivikusanya na kuvieleza mwaka 1964 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*. Baadhi vina tanga la mraba, kama lile la mtepe, na vingine vimechorwa kwa uangalifu hata kamba zaonekana. Vingine ni mistari michache tu, ya mtu ambaye hakuwa na nafasi au hakuwa na ustadi. Hapa kitenzi *chora* chatumika kwa maana zake zote mbili kwa pamoja. Wataalamu wamejiuliza kama vyombo hivi ni vya nadhiri na dua za safari, au ni vya watu waliokaa kivulini wakingoja upepo. Hata jibu liwe lipi, ukuta umehifadhi kitu cha thamani: jinsi chombo kilivyotiwa mlingoti na tanga lake, mambo ambayo watu wa wakati ule hawakuyaandika kwa kuwa kila mmoja aliyajua. Katika Fort Jesus ya Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, umebaki ukuta wenye michoro ya Wareno, nayo pia ni ya meli na watu. Mwanahistoria wa mabaharia atajifunza mengi katika kuta hizi zote. Anayetaka kujua kama mchoraji wa Kilwa alikuwa mpole au mwenye hasira ataondoka mikono mitupu, isipokuwa ajibebeshe nahau zake mwenyewe.

Katika miaka ya karibuni uchunguzi umegeuka, na swali sasa ni kazi ya kuchorachora, si maana yake. Jackie Andrade wa Plymouth, Uingereza, mwaka 2009 aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu uliokusudiwa kuchosha. Nusu yao walipewa maumbo ya kujaza kwa penseli huku wakisikiliza. Walipoulizwa ghafla wataje majina ya watu na mahali waliyoyasikia, waliokuwa na penseli walikumbuka kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao. Ni kweli kwamba kujaza maumbo uliyopewa si sawa na kujichorea upendavyo, na watu 40 ni wachache. Lakini Deeds angefurahi kusikia kwamba tuba yake ilikuwa na haki.

Kati ya michoro yote ya namna hii iliyokwisha kupatikana, labda ya kupendeza zaidi ni ile iliyofukuliwa mwaka 1956 katika ardhi yenye maji ya Novgorod, Urusi. Iko juu ya maganda ya mti, na ni ya mtoto aitwaye Onfim, aliyeishi katika karne ya 13 na ambaye hudhaniwa alikuwa na umri wa miaka sita au saba. Alikuwa akijifunza kusoma. Katika ganda moja aliandika herufi 11 za mwanzo za alfabeti, akaacha; sehemu iliyobaki akamchora mtu juu ya farasi, anamchoma adui kwa mkuki, na kando yake akaandika jina lake mwenyewe. Mfasiri wa tabia ataona ukatili na majivuno. Mwalimu yeyote ataona kwamba herufi ya 12 ilimshinda subira.

Watoto wa vyuo vya pwani nao walijifunza kwa kuandika, na hapana shaka mikono yao haikuwa mitulivu kuliko ya Onfim. Lakini wao waliandika kwa wino juu ya ubao, na somo likisha kuhifadhiwa ubao ulioshwa kwa maji, ukaanikwa juani, ukawa tayari kwa somo la kesho.